Dirisha Moja la Giza

Mwenyekiti wa mtaa alisimama mlangoni kwa fundi viatu, mshumaa mkononi, tabasamu la uchaguzi usoni.

"Mzee, leo usituaibishe. Watu wa redio wanakuja kuona mila yetu. Mtaa mzima utawaka, dirisha lako tu ndilo pengo, kama jino lililong'oka."

"Pengo halimzuii mtu kula," fundi akasema bila kuinua macho kwenye soli aliyokuwa akishona.

"Lakini ni mkesha wa Krismasi, mzee wangu. Mishumaa hii ya dirishani tumeachiwa na wazee, ya kumwonyesha njia Mtoto Yesu. Hata padri ameeleza kanisani."

"Wazee gani hao?"

"Wa zamani."

"Aha." Fundi akakata uzi kwa meno. "Na namba za nyumba? Mlisema mtatuwekea."

"Hilo lina utaratibu wake."

"Miaka thelathini na moja ya utaratibu. Konokono angeshafika, akarudi kutusalimia."

Mwenyekiti akacheka kicheko cha mtu asiyechekeshwa, akauacha mshumaa juu ya rundo la viatu, akaenda zake. Ndivyo walivyo wakubwa: ukiwauliza la maana, wanakumbuka safari.

Binti yake fundi, aliyekuwa pembeni akipaka viatu rangi, akauokota ule mshumaa. Leo alikuwa anatimiza miaka thelathini na moja. Alikuwa na macho ya marehemu mama yake, na ubishi wake pia.

"Baba, watu wanasema huna dini. Wanasema moyo wako umeota kutu."

"Waache waseme. Mdomo haulipiwi kodi."

"Na mimi je? Tangu utotoni nawasha kwa majirani, kama yatima mwenye baba. Mama angeupenda mshumaa huu. Niwashe mmoja tu, baba. Iwe zawadi yangu."

Fundi akaiweka sindano chini. Neno lilimpanda mpaka kooni, likamtazama yule binti, likarudi lilikotoka. Mtu hamtwishi mwanawe mzigo kama ule siku yake ya kuzaliwa.

"Washa, mwanangu," akasema, akageukia ukutani.

Kiberiti kikalia. Nje jua lilikuwa limeshazama, na madirisha yakaanza kuitikia, moja baada ya jingine, mpaka mwisho wa mtaa.

"Ona, baba," binti akanong'ona. "Yote yanafanana. Huwezi kujua lipi la nani."

Fundi alijua hilo. Jioni aliyozaliwa huyu, umeme walikuwa wameukata, mama yake anavuja damu, na hospitali ikamwambia kwenye simu aweke mshumaa dirishani ili dereva wa gari la wagonjwa aijue nyumba. Akauweka, wa kwanza mtaani. Majirani wakaona unapendeza, wakawasha na wao, nyumba hadi nyumba, kabla gari halijafika.