Karatasi Iliyopigwa Pasi

Dada mtu aliweka pasi chini, akaokota karatasi ya fizikia ambayo mdogo wake wa chuo kikuu alikuwa ameikunjakunja na kuitupa kwenye kapu la nguo.

"Achana nayo, nimekosa," kijana alisema mezani, kalamu mkononi. " Bingwa wa darasa kapata jibu jingine. Nanakili lake, leo mchana tunakusanya."

"Ulipomaliza lako ulipiga mluzi, wewe. La bingwa unalinakili umenuna kama mtu anayemeza kwinini."

"Dada, mluzi si ushahidi!"

Dada mtu aliikunjua karatasi, akaipiga pasi polepole mpaka mikunjo ikalala, akamwekea mbele ingali na joto.

Kijana akashusha kalamu, akasoma mstari kwa mstari. Alipofika wa mwisho, mluzi ukamponyoka.