Sahani ya Mkaguzi

"Mwanangu si mgonjwa, Mongia! Kuskusi gani hiyo, haina chumvi, haina pilipili? Hata paka wangu ataisusa!" jirani alifoka mlangoni mwa jiko la shule.

"Ndivyo serikali inavyotaka, dada. Kagombane nayo," Mongia alijibu, huku mkaguzi wa lishe, aliyeketi mezani mbele ya sahani yake, akimtazama.

Ukweli ulikuwa mwingine. Asubuhi ile, kwa kuchoshwa na masimango ya mtaa mzima, alitenga kwanza sahani ya mkaguzi, chumvi kiduchu kama walivyoagizwa. Kisha akaimiminia sufuria ya watoto chumvi na harisa, ile pilipili aliyoisaga mwenyewe. Akigundulika, kibarua kimeota nyasi.

Mafuta mekundu yalikuwa bado yameng'ang'ania chini ya ukucha wa kidole gumba. Alikificha ndani ya aproni.

"Mpishi gani wewe!" jirani aliendelea.

Mongia alimkonyeza aondoke. Jirani akazidi kupaza sauti.

Mkaguzi aliisukuma kando ile sahani bila kuionja, akavuta kiti cha pili.

"Usigombe mlangoni, mama," alimwambia jirani. "Ingia, karibu tule. Mongia, mpakulie kutoka sufuria ya watoto, atuambie mwenyewe."