Mshtuaji

Katika chumba cha moyo, dawa za kutuliza zilikuwa marufuku. Huyafanya mapigo mabovu yajifiche, na daktari hawezi kuchoma kwa waya wa moto sehemu mbovu ya moyo asiyoiona. Kwa hiyo kila mgonjwa aliingia akiwa macho, pamoja na mshtuaji wake, mtu wa nyumbani wa kumtia hofu mpaka moyo uonyeshe ubovu wake. Shekue alikuja na mkewe, Bi Tumu.

"Baba Siti, nyumba yetu imeungua!"

Mstari wa mapigo ya Shekue kwenye skrini ukaendelea taratibu.

"Siti amefukuzwa chuo!"

Wapi! Shekue alitabasamu. Miaka thelathini na moja ya ndoa, angekosaje kuujua uongo wa mkewe?

"Jaribu lingine, mama," alisema daktari.

Bi Tumu alikuwa ameishiwa. Akamshika mumewe mkono, akamwambia lile ambalo kila mtu humwambia mgonjwa wake wa upasuaji: "Basi, mume wangu, nimekusamehe yote."

Mstari ukaruka kama samaki aliyetupwa mchangani.

"Hapo hapo!" Daktari akachoma. "Sasa rudia, mama, tuhakikishe."

Bi Tumu hakurudia. Moyo wake mwenyewe ulikuwa ukimwenda mbio. Akainama mpaka nyuso zao zikakaribiana.

"Yote yapi, Baba Siti?"

Shekue alimtazama bila kupepesa. Kwenye skrini, mstari ulipanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtoto aliyelala.

"Hongera, mama," alisema daktari. "Amepona kabisa."