Msalaba wa Rangi ya Waridi

Gwenda alikunjua taulo mezani, katikati ya vikombe vya chai, na kila mtu akageuza uso isipokuwa Merle.

Ndani yake mlikuwa na mtoto wa kangaruu. Hajaota manyoya, angeenea kwenye kikombe, na alikuwa amekufa, amekauka.

"Wa tatu mwezi huu," Gwenda alisema. Yeye ndiye msimamizi wa kikundi chao cha kuokoa wanyama pori. "Nimemtoa barabara ya Wirrabilla. Mama yake alikuwa na msalaba mgongoni."

Wote walijua maana yake. Ukimkuta kangaruu kagongwa na gari, unatia mkono kwenye mfuko wa tumbo, unapapasa. Akiwemo mtoto unamtoa. Ukimaliza unaupulizia mzoga msalaba wa rangi ya waridi ili mwenzako asisimame bure. Anayeuona msalaba anapita zake. Sasa mtu akiweka msalaba wa uongo, mtoto anabaki humo humo, ananyonya titi linalooza, mpaka njaa au kunguru wammalize.

Merle Tranter alisukuma kikombe chake kando. Si kwa sababu ya harufu. Miaka ishirini na miwili ya kuchokonoa mizoga, harufu haimtishi tena. Kilichomtia kinyaa kilikuwa kimeketi upande wa pili wa meza, kinatafuna biskuti.

Huyo alikuwa Bevan Krause. Miaka kumi na moja alikuwa akipiga kangaruu risasi, na pikapu yake bado ina ndoano za kuwatundikia. Mwezi wa nane akaja hapa na uso wa huruma, eti naye anataka kuokoa! Mwezi ule ule Merle alirudi barabarani baada ya matibabu ya saratani, zile sindano zinazonyonyoa nywele na kuacha ganzi, akakuta zamu yake imekatwa vipande viwili: asubuhi yeye, mchana huyu mchinjaji.

"Wirrabilla tuko wawili tu," Merle alisema. "Na mimi kazi hii nimeianza wengine humu wakiwa kwenye nepi."

"Taratibu, Merle," Gwenda alisema.

"Taratibu ya nini? Mtu anaona taabu kuingiza mkono kwenye uchafu, anapuliza rangi, anakwenda kunywa bia yake. Ptuu! Siku atakayojulikana, anyang'anywe kibali siku hiyo hiyo. Asiguse mnyama tena maisha yake yote. Pigisha kura, Gwenda, uandike."

Wakapiga kura. Bevan naye akanyoosha mkono, macho yake kwenye kikombe. Mnafiki wa kutupwa, Merle aliwaza.

Kikao kilipokwisha, Merle alimchukua mtoto wa walabi, jamii ya kangaruu wadogo, aliyekuwa amening'inizwa karibu na jiko ndani ya foronya badala ya mfuko wa mama yake, akamtia chupa mdomoni. Mtoto akatema, akajikunyata. Gwenda aliigusa chupa akaiachia upesi.

"We Merle! Maziwa haya yanaunguza!"

"Ni huyo mshenzi, kanijaa kichwani. Kesho namkamata, utaona."

Asubuhi alifanya zamu yake kama kawaida. Alikagua kangaruu wanne. Wa mwisho alikuwa jike kubwa karibu na geti la ng'ombe, kavimba, nzi wa buluu wamemjaa mdomoni. Merle alipiga magoti, akageuza uso pembeni, akauzamisha mkono na kupapasa kila kona ya ule mfuko. Hamna kitu. Akampulizia msalaba.

Hakurudi nyumbani. Alilificha gari nyuma ya mikaratusi, akakaa na sandwichi yake, akangoja.

Saa sita pikapu ikatokea. Ilimpita yule jike, ikarudi kinyumenyume, ikasimama palepale penye msalaba. Bevan akashuka na mkasi na foronya.

Merle alitoka mbio. Aliparamia ua wa waya wa miiba, glavu ikachanika, wala hakujali.

"Unatafuta nini hapo? Huyo nimemkagua mwenyewe!"

"Najua, Bi Merle." Bevan hakuinuka. "Huwa narudia."

"Unarudia kazi yangu? Wewe?"

Mkono wa Bevan ulikuwa ndani ya mfuko. Aliinama zaidi, akakata kitu taratibu, na alipoutoa mkono, kulikuwa na kitoto chekundu kiganjani, kinahema, kipande cha titi bado kiko mdomoni.

Merle alimtazama Bevan kama mtu anayetazama matapishi. Mchezo wote sasa alikuwa ameuelewa.

"Umekuja naye! Ulikuwa naye garini, umemchomeka humo ili unichafulie jina. Mungu wangu, duniani kuna watu wachafu!"

"Bi Merle, kiganja chako kinavuja damu."

"Achana na damu yangu! Watoto wangapi umewafanyia hivi? Wangapi wamekufa ili wewe uonekane mtu?"

Bevan alionekana amechoka. Hilo nalo likamchefua Merle, mtu kama huyu kujifanya ndiye wa kuonewa huruma.

Alivua glavu zote mbili akazitupa majanini. Akakusanya viganja pamoja, akavisogeza mbele. Macho yake hayakubanduka usoni mwa Bevan; alitaka aione chuki yote, asibakize hata tone.

"Anapoa huyo. Anataka joto la ngozi, si la mikono yako ya damu. Nipe mimi!"

Bevan akasogea, akainama kidogo, kisha akarudi nyuma hatua moja.

"Nipe, nimesema! Unangoja nini, afe?"

Bevan alikuwa mikono mitupu.

"Nimeshakupa, Bi Merle," alisema polepole. "Umemshika mkononi."