Picha Zilizokatwa Katikati

Deepa alikuwa akiunganisha nusu mbili za kadi kwa gundi, mezani dukani kwao Nakuru. Babu yake alipiga kila hekalu lililobomoka, huko India, picha mbili za kutazamwa pamoja. Deepa na kaka yake, wakigawana urithi, walidhani ni picha moja mara mbili, wakazikata. Baadaye walikosana, miaka tisa bila kusemezana. Leo kaka yake alileta nusu zake kutoka Naivasha, akisema hakai.

Deepa alitia kadi kwenye darubini ya mbao ya babu, yenye lenzi mbili za kuunganisha picha mbili ziwe moja yenye kina. Nguzo za hekalu zikaachana, za mbele na za nyuma, na kati yake nyanya yao akatokeza, kama yu hai, ameshika ukingo wa sari.

"Wacha uchoyo, dada. Nione."

Kaka alitazama kwa muda mrefu.

"Zimebaki ngapi za kuunganisha?"

"Thelathini na moja."

"Basi kesho tuanze mapema," akasema, akavua viatu.