Kibao cha Saruji

Mama muuza mkaa alipiga magoti kaburini, akaweka kidole kwenye kibao cha saruji. Miezi minane nilikuwa nikimfundisha kusoma, kila Jumamosi, bila malipo, na tangu siku ya kwanza alitaka kitu kimoja tu: kulisoma jina la mwanawe kwa macho yake mwenyewe.

“Usinisaidie, mwalimu.”

Kidole chenye weusi wa mkaa kikapita kwenye herufi ya kwanza, kikasimama. Akakwangua kwa ukucha udongo uliojaa humo, akaanza upya, polepole.

“Jina la mwanangu halianzi hivi.”

Nilikuwa nimeshalisoma jina lile la mtu mwingine tangu tulipofika.

“Siku ya mazishi nilikuwa nimelazwa. Shemeji ndiye aliyekuja kunionyesha kaburi. Miaka kumi na moja, mwalimu, nalipalilia hili.”

Akayatazama makaburi mengine, safu kwa safu, mengi yamemezwa na majani hata vibao havionekani.

Nikamshika mkono nimwinue. Akautoa taratibu, akainama, akang’oa gugu lililoota pembeni ya kibao.

“Ngoja nimalize hapa kwanza,” akasema. “Huyu amenizoea.”