Mteja wa Leicester

Mastula alikuwa amesimama juu ya meza, kisu cha jikoni mkononi, akikwangua rangi juu ya mlango wa mbele wa nyumba yake ya wageni. Chini ya rangi ya kijani ikatokea nyeupe, chini ya nyeupe ikatokea saruji, na kwenye saruji ukajitokeza mwaka: 1951.

"Mnashangaa nini?" akawauliza wapita njia. "Kuna mteja Uingereza anataka kuuona."

Huyo alikuwa mteja wake wa kwanza kupatikana kwa intaneti, na Mastula hakuwa tayari kumpoteza. Tangu hoteli mpya ifunguliwe kando ya barabara kuu ya Jinja, vyumba vyake vilikuwa vikilala vitupu. Kiwanja chake cha Walukuba alikwisha kukiuza ili aezeke paa upya. Kilichobaki ni nyumba hii aliyoachiwa na marehemu mumewe, Afande Magidu. Aliingia humo akiwa bibi harusi, miaka ya sabini, akamkuta afande ana kila kitu: ghorofa, vitanda vya mvule, mpaka vikombe vya chai vimepangwa kabatini. Wasichana wenzake walimwonea wivu mwaka mzima.

Mambo ya intaneti aliyapata kwa Conrad, mwalimu wa kompyuta wa Mbale aliyekuwa akilala kwake kila akienda Kampala. Mwaka ule wa 1998 watu wengi mjini walikuwa hawajaiona tovuti kwa macho yao. Conrad alimtengenezea moja, akaweka picha ya mto Nile na maneno "Karibuni nyote." Miezi ikapita. Hakuja hata mmoja.

Mastula akapanda basi hadi Mbale kumuuliza kulikoni.

"Kosa ni langu, mama," Conrad alisema. "Mto uko kwenye tovuti ya kila mtu. Mgeni anataka kuona mahali atakapolala. Niletee picha za nyumba yenyewe. Mbele, nyuma, vyumba, kila kitu."

Mastula akatafuta mpiga picha, na picha zilipokuwa tayari akarudi nazo Mbale zikiwa zimefungwa kwenye leso. Conrad akaziingiza kwenye kompyuta moja baada ya nyingine. Haukupita muda mrefu akampigia simu.

"Mama, tumepata mtu. Yuko Leicester. Anauliza kama sakafu ya sebuleni ni ya vigae vyekundu na vyeusi."

"Ni hivyo hivyo, lakini nimetandika zulia."

"Toa zulia, tupige picha."

Zulia likatoka. Mastula akapiga deki mpaka vigae vikang'aa kama vimewekwa jana. Barua pepe ya pili ikaomba picha ya ua wa nyuma. Ya tatu ikauliza kama ngazi za mbao zinalia mtu akizipanda.

"Mwambie hazilii," Mastula alisema. "Fundi anakuja kesho."

Jibu lilikuja upesi: Tafadhali msiziguse.

Conrad alicheka sana kwenye simu. "Wazungu wanapenda vitu vya kale, mama. Sikiliza, hapo ndipo biashara yako ilipo. Tuandike juu kabisa ya ukurasa: Nyumba ya kale, haijabadilishwa kitu."

Mastula aliona haya kidogo kutangaza ulimwenguni kwamba kwa miaka yote hiyo hajabadilisha kitu. Lakini akakubali, na kadiri picha zilivyoongezeka ndivyo naye alivyoanza kuiona nyumba kwa macho mapya. Akawa anapita vyumbani bila shughuli yoyote, akigusa mbao za madirisha, akijiambia kwamba kumbe alikuwa amekalia mali bila kujua.

Baada ya picha ya ule mwaka juu ya mlango, ikaja barua ya mwisho. Conrad aliisoma polepole. "Picha zinatosha. Nakuja mwenyewe. Ninaihitaji nyumba nzima."

Mastula akaketi. "Nzima?"

"Nzima, mama. Usipokee mtu mwingine yeyote."

Hakupokea. Hata yule mchuuzi wa kahawa kutoka Wanale, mteja wake wa miaka mingi, alimwelekeza kwenye hoteli ya barabarani, akamwambia kwa upole kwamba siku hizi nyumba inachukua wageni wa kimataifa.

Siku ilipofika, Conrad alikuja kutoka Mbale amefunga tai, kamera shingoni. Picha ya mteja wa kwanza, alisema, ndiyo itakayowaleta wengine. Gari likasimama. Hakushuka Mzungu. Alishuka mzee wa Kihindi mwenye mkongojo, na nyuma yake mwanamke wa Kampala aliyevaa suti, mkoba wa ngozi mkononi. Mzee alisimama chini ya ule mwaka, akavua kofia.

"Karibu sana, bwana," Mastula alisema, akampa mkono. "Jisikie uko nyumbani."

Conrad akawapiga picha.

Walipoingia sebuleni, Mastula akamvutia mgeni kiti, akamuuliza kwa furaha, "Mtakaa nasi siku ngapi?"

Mzee hakuketi. Alijibu kwa Kiswahili, kile cha watu waliokulia Jinja, tena kwa heshima zote.

"Nyumba hii aliijenga baba yangu, mama. Tuliiacha tulipofukuzwa nchini Wahindi wote, mwaka sabini na mbili. Serikali ilikwisha kuturudishia hati, ila tuliambiwa nyumba ilibomolewa wakati wa vita, kwa hiyo hatukuja hata kuangalia, mpaka mjukuu wangu alipoziona picha zako. Kwa hiyo swali hilo nimekuja nalo mimi: wewe utakaa siku ngapi?"